Farasi 400 kwenye gereji ya nyumbani: nguvu ya injini hutoka wapi, na pesa huishia wapi

Kila Safari Rally inapokaribia Naivasha, kaunti nzima ya Nakuru hugeuka gereji. Tangu mashindano hayo yarudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, kuna msimu ambao huwezi kunywa chai pale Shabaab bila kumsikia mtu akidai Subaru yake "inasukuma mia nne". Mwenzake anamwambia ni uongo. Wa tatu anadakia kwamba mia nne si kitu, kuna jamaa Kisumu ameifikisha Probox mia tatu kwa kubadilisha ekzosti peke yake. Ubishi unanoga, chai inapoa, na hakuna anayeuliza: hiyo mia nne ni mia nne ya nini?

Swali lililo nyuma ya ubishi huo ni la haki kabisa. Je, mtu mwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, boksi la spana, cheni bloki ya kukodi na akiba isiyo kubwa anaweza kujijengea injini yenye nguvu? Anaweza. Lakini nafuu haipo pale ambapo wengi wanaitafuta.

Tuanze na farasi mwenyewe. James Watt, Mskoti wa karne ya 18, alikuwa akiwauzia mitambo ya mvuke watu waliozoea kutumia farasi, kwa hiyo alihitaji kipimo ambacho wangekielewa. Kipimo kinachotumika kwenye magari ya Japani leo ni hiki: farasi mmoja ni kazi ya kuinua kilo 75 hadi mita moja kwa sekunde moja. Gunia la mahindi la kilo 90 likiinuliwa mita moja kwa sekunde moja na robo hivi, hapo umemwona farasi mmoja akifanya kazi. Farasi 400 basi ni tani 30, mzigo wa trela, zikiinuliwa mita moja kila sekunde. Ukipiga hesabu hivyo, utaanza kuwa mwangalifu na namba unazotupa mezani.

Neno la pili ni toki. Toki ni nguvu ya kuzungusha, ile inayotolewa na kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa kila msukumo wa pistoni hizo. Farasi ni toki hiyo ikihesabiwa pamoja na kasi ya mizunguko. Ndiyo maana trekta aina ya Massey Ferguson 240 inayolima kule Njoro ina takriban farasi 50, huku Vitz ya lita 1.3 ikiwa na kama 87, na bado hakuna mtu mwenye akili timamu anayefunga plau nyuma ya Vitz. Trekta huzunguka polepole na kuvuta kwa nguvu, na gia zake huizidisha nguvu hiyo kabla haijafika kwenye magurudumu. Vitz huwapata farasi wake 87 kwa kupiga mizunguko mingi.

Hesabu yenyewe si ngumu: zidisha toki, ikiwa kwa kipimo cha Newton-mita, kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Kilowati moja ni farasi 1.36. Injini yenye toki 300 kwenye mizunguko 3,000 ina farasi 128. Ikiweza kuishikilia toki hiyohiyo hadi mizunguko 6,000, ina 256. Kwa hiyo njia za kuongeza farasi ni mbili tu, kuongeza toki au kuongeza mizunguko. Njia ya mizunguko ndiyo ya hatari kwa mwenye mfuko mwepesi, kwa sababu mvuto unaozirarua konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, na bolti zake hauongezeki kwa kiasi kilekile. Ukizidisha kasi mara mbili, mvuto huo unazidi mara nne. Mtu wa gereji ya nyumbani na aongeze toki.

Toki nayo inatoka kwenye hewa. Hapa ndipo mambo mengi yanapochanganyika. Injini ni kama jiko la makaa: ukilijaza makaa hadi pomoni bila kulipepea, utapata moshi wa kukutoa machozi na sufuria haitachemka. Kuongeza petroli ni rahisi, kompyuta ya gari huiambia injekta ikae wazi muda mrefu kidogo na basi. Lakini kila kilo moja ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri, na hewa ndiyo ngumu kuipata kwa wingi. Injini ya lita mbili ikiwa kwenye mizunguko 6,000 ina nafasi ya kuvuta lita 6,000 za hewa kwa dakika. Kila kitu kinachoongeza nguvu ya injini, kiwe cha bei gani, kinafanya moja kati ya mambo mawili: kinaingiza hewa zaidi, au kinaisaidia injini kustahimili joto na shinikizo la hewa hiyo.

Na hewa yetu huku juu ni nyepesi. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban 1,850, na ukipanda Timboroa umepita 2,700. Pale Nakuru shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo iliyoandikiwa farasi 150 kiwandani inabaki na 120 na kitu ikiwa Nakuru, hata iwe mpya namna gani. Dereva anayetoka Kisumu akipandia Kericho kwenda Mau Summit, akahisi gari linalegea, asikimbilie kumlaumu fundi.

Turbo ni dawa ya uhaba huu wa hewa. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni moja, feni hiyo imeungwa na nyingine upande wa pili, na ile ya pili inasukuma hewa ndani kwa nguvu. Hewa ikisindikwa inapata moto, kwa hiyo inapitishwa kwenye intakula, rejeta ya hewa, ipoe kabla ya kuingia. Ukisukuma hewa hadi shinikizo liwe mara mbili ya lile la nje, kwa hesabu ya karatasi nguvu nayo inakaribia mara mbili. Kwenye uhalisia inapungua kwa sababu ya joto. Huku juu kwetu turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia shinikizo lilelile, na hewa inatoka ikiwa na moto zaidi. Mpangilio wa kompyuta ulionakiliwa kutoka kwa gari la mtu wa pwani unaweza kuiua injini ya mtu wa Nakuru.

Sasa tuondoe uzushi kidogo. Ekzosti yenye kelele haiongezi farasi wa maana kwenye injini isiyo na turbo. Inaongeza kelele, na kelele hudanganya masikio. Kwenye injini ya turbo, bomba pana baada ya turbo linasaidia kweli, lakini hata hapo msaada unaonekana baada ya kompyuta kurekebishwa. Plagi ghali hazina farasi ndani yake. Filta ya wazi iliyofungwa ndani ya boneti inavuta hewa yenye moto iliyotoka kwenye injini yenyewe, na kwa vumbi letu la Januari naiona kama hasara ya kujitakia. Milio ya kupasuka kwenye ekzosti ni petroli inayoungulia nje ya injini badala ya ndani, na wewe ndiye uliyeilipia.

Uzushi unaonikera kuliko yote ni ule wa thamostati. Gereji nyingi huku kwetu huing'oa na kuitupa, eti Kenya ni nchi ya joto. Thamostati kazi yake ni kuiwezesha injini kufika joto lake la kazi na kukaa hapo. Ukiitoa, maji hayaachi kuzunguka, injini inabaki baridi, kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Mtu anayetafuta nguvu anaanza kwa kuisaga injini yake mwenyewe. Ikiwa gari linachemka, tafuta sababu: rejeta, feni, kifuniko, au gasketi ya hedi.

Turudi kwenye nafuu. Uamuzi unaookoa pesa nyingi kuliko wowote ni wa kuchagua injini ya kuanzia, na watu wengi wanakosea hapo kwa sababu wanaanza na gari walilo nalo. Probox ina injini ya 1NZ, lita 1.5, farasi 109. Ni injini nzuri sana kwa kazi yake. Lakini mgandamizo wake ni 10.5 kwa 1, maana yake tayari inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli sana kabla ya cheche, na konrodi zake ni nyembamba. Ukiifunga turbo utalazimika kununua pistoni, konrodi, injekta, turbo na kompyuta, na ukimaliza hujafika pale ambapo injini nyingine zilianzia.

Linganisha na injini iliyotoka kiwandani na turbo. Forester ya turbo iliyouzwa Japani miaka ya 2000 ilikuwa na kama farasi 220. Caldina ya GT-T yenye 3S-GTE ilikuwa na 260. Injini ya 1JZ-GTE, silinda sita mstari mmoja, bloki ya chuma cha kutupwa, iliandikiwa 280. Namba hiyo ya 280 utaikuta kwenye magari mengi ya Japani ya wakati huo, kwa sababu watengenezaji walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya hapo, hadi yalipovunjika mwaka 2004. Kiwanda kilishalipia mgandamizo mdogo na njia nzuri za oili, na kwenye baadhi yake pistoni zenye kupozwa. Wewe unaongezea juu yake.

Kuhusu Subaru, najua nitachokoza nyuki. Spea zake zimejaa Nakuru na Kisumu na kila fundi anaijua, hiyo ni faida kubwa. Ila kwa anayejenga injini mara ya kwanza akiwa peke yake kibandani, bloki yake ya kulala, yenye silinda zilizolazwa ubavu, inasumbua: pini za pistoni zinapitishwa kwenye matundu ya ubavuni wakati bloki tayari imefungwa, na kosa dogo linamaanisha kuifungua tena. Injini ya mstari mmoja ina huruma zaidi. Na giaboksi ya gia tano ya Subaru za kawaida inajulikana kwa kuvunjika meno ukiizidishia toki.

Kwa injini kama hizo, lengo la farasi 280 hadi 300 ni la mtu wa kawaida. Kutoka 300 hadi 400 ni safari nyingine: mara nyingi pistoni na konrodi za kufuliwa, injekta kubwa, pampu ya mafuta, klachi, na pengine giaboksi. Bei ya farasi haipandi kwa mstari ulionyooka, kila mia ya juu inakula zaidi ya ile iliyoitangulia.

Injini zilizotumika kutoka Japani huuzwa zikiwa zimeshatolewa kwenye gari, hujui zilikotoka. Muuzaji atakuambia ina mailegi kidogo. Fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna tope jeusi, chomoa plagi zote uzilinganishe rangi, zungusha kranki kwa mkono kupitia bolti ya puli. Akikukatalia kupima mgandamizo wa silinda, bei yake iwe ya chuma chakavu au uondoke.

Halafu ifungue hata kama inaonekana safi. Kazi ya nyumbani ni kufungua, kusafisha, kupima na kufunga. Kazi ya kuchonga silinda, kusawazisha hedi na kupiga msasa kranki ni ya karakana yenye mashine, na hapo ndipo ningependa pesa yako iende kabla hujanunua kitu chochote kinachong'aa. Peleka pistoni mpya pamoja na bloki, ili fundi wa mashine achonge kulingana na pistoni uliyoishika mkononi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi.

Mfano wa kupima ni ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Bloki ya EJ20, injini ya lita mbili ya Subaru, ina silinda ya kipenyo cha milimita 92. Chukua ringi ya juu, iingize kwenye silinda peke yake bila pistoni, kisha geuza pistoni kichwa chini na uitumie kuisukuma ringi ishuke sentimita mbili au tatu, ikae sawa pande zote. Sasa tazama pale ncha mbili za ringi zinapokutana. Kuna mwanya. Chomeka filageji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya: kwa injini ya turbo ya barabarani mwanya huo utakuwa kwenye milimita 0.4 hadi 0.5, na karatasi ya mtengenezaji wa pistoni ndiyo mwamuzi. Baadhi ya ringi huja zikiwa zimebana zaidi ya hapo. Unaisugua ncha moja kwa tupa laini, kutoka nje kuelekea ndani, mara chache tu, unafuta, unairudisha, unapima tena. Kila ringi kwa silinda yake, na unaandika. Ni kazi ya kuchosha na haipigiwi picha. Ukiiruka, siku injini itakapopata moto ncha hizo zitagusana, ringi haitakuwa na pa kutanukia, na itakwangua silinda au kuvunja ukingo wa pistoni.

Bering, vile vyuma laini ambamo shingo za kranki huzunguka, nazo ni vivyo hivyo. Kwa kranki ya shingo ya milimita 52, nafasi ya oili huwa karibu na milimita 0.05, chini ya unene wa unywele. Kuna uzi laini wa plastiki unaolazwa juu ya shingo, unafunga kifuniko kwa spana ya toki, unafungua, na unapima jinsi uzi ulivyopanuka. Ni wa bei ndogo sana. Spana ya toki si anasa pia, nunua au azima. "Nimekaza kwa mkono, mkono wangu unajua" ni maneno ya mtu ambaye injini yake italala kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini.

Injini ikishafungwa, kinachoamua kama itaishi ni mpangilio wa kompyuta, yaani kiasi cha petroli na wakati wa cheche. Adui hapa ni noki. Katika hali nzuri, cheche huwasha mchanganyiko na moto unasambaa kwa mpangilio. Joto na shinikizo vikizidi, sehemu ambayo moto haujaifikia inalipuka yenyewe, na mlipuko huo unapiga pistoni kwa nguvu. Okteni ya petroli ni kipimo cha uwezo wake wa kukataa kulipuka hivyo. Magari ya Japani ya turbo yalipangiwa petroli yao ya juu, yenye okteni inayokaribia 100. Petroli ya pampu zetu iko chini ya hapo, kwa hiyo hata kabla hujaongeza chochote, injini hiyo tayari inaendeshwa karibu na ukingo. Mpangaji mzuri atarudisha cheche nyuma na kukubali farasi wachache. Chini ya turbo, mchanganyiko nao unahitaji petroli zaidi, karibu kilo 11.5 hadi 12 za hewa kwa kilo moja. Funga kihisi cha oksijeni chenye geji ya kusoma namba hizo, ni pesa ndogo kuliko pistoni moja. Na ukisikia mtu anatuma faili la mpangilio kwa simu bila kuliona gari, kimbia.

Watu wa ukanda wa miwa huwa na swali lao: kwa nini tusitumie spiriti? Wana hoja. Spiriti inayotengenezwa kwa molasi Muhoroni ilichanganywa kwenye petroli ya Kenya miaka ya 1980. Okteni yake inapita 100 na inapoza hewa inapogeuka mvuke, ndiyo maana wanamashindano wanaipenda. Lakini spiriti tupu inataka kama kilo 9 tu za hewa kwa kilo moja, kwa hiyo utamwaga mafuta mengi zaidi, na injekta na pampu za kawaida hazitatosha. Inavuta maji kutoka hewani na kula mipira isiyotengenezewa kazi hiyo. Tena ni bidhaa ya ushuru. Spiriti ya dramu isiyo na karatasi ina maji usiyoyajua na kesi usiyoihitaji.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Breki na matairi kabla ya turbo kubwa, hasa kama barabara yako ni ile ya mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa. Namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku, kwa hiyo ukibadilisha injini, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajulishwe na gari likaguliwe, na kampuni ya bima iambiwe pia, la sivyo siku ya ajali utajikuta huna bima.

Siku ya kuwasha, izungushe kwanza bila plagi hadi oili ijae na taa ya shinikizo izime. Ikishawaka, usiiache ikiunguruma kwa saa nzima ukipiga picha. Iendeshe kwa mzigo wa wastani, kanyaga na uachie, ringi zikae, bila kufungulia turbo. Baada ya safari fupi ya kwanza mwaga oili hiyo yote, kata filta, kunjua karatasi yake juani. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Ukiona vipande vinavyometa rangi ya shaba, hiyo ni bering, na injini ifunguliwe tena kabla haijawashwa mara nyingine, hata kama rafiki zako wote wameshapanga kwenda Naivasha Jumamosi.